Samaki wa kopo Kilburn: bei ya kopo si bei ya samaki

Kwenye rafu za samaki wa kopo pale Kilburn High Road, makopo mawili yanayokaribiana ukubwa yanaweza kuachana bei mara tatu au nne. Sadini wa sosi ya nyanya ni peni tu, samoni mwekundu ni pauni kadhaa, na katikati yao wamejaa jodari, mackerel na pilchard wa kila aina. Wengi wetu tunachagua kwa mazoea. Mmoja anachukua kopo alilozoea kwao, mwingine anachukua lenye bei ya chini kuliko yote bila kusoma kitu kingine. Njia zote mbili zinaweza kukula hela bila wewe kujua.

Makala hii inajibu maswali mawili. Unapolipa zaidi kwa kopo la samaki, unalipia nini hasa? Na ni lipi linalokupa samaki wengi kwa hela ndogo, ili ile inayobaki iende ulikokusudia: ada ya shule, dawa za mama, mabati ya nyumba, au akaunti yako mwenyewe?

Kwa nini tuhangaike na kopo

Kopo la samaki ndilo chakula cha mchana cha watu wengi wa saiti na wa kazi za ndani. Halihitaji friji, halihitaji jiko, linakaa kwenye begi pamoja na glavu na buti. Ukilichanganya na kitunguu na pilipili kidogo, ukala na mkate au wali uliobaki jana, umeshiba mpaka jioni. Na kwa kuwa linanunuliwa mara nyingi, tofauti ya peni thelathini au tisini kwa kopo si jambo dogo. Mtu wa saiti anafanya kazi kama siku 22 kwa mwezi. Peni 90 mara 22 ni pauni 19.80. Kwa mwaka inakaribia pauni 240. Hiyo ni hela ambayo nyumbani ina kazi inayojulikana.

Kilburn yenyewe inaijua hesabu ya namna hii tangu zamani. Barabara yake kuu, sehemu ya njia ya kale ya Warumi iitwayo Watling Street, iko mpakani mwa Camden na Brent. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 mtaa huu ulijaa Waayalandi waliokuja kujenga barabara na majengo ya London. Nao walipanga vyumba, walikula kwa kubana, wakatuma hela kwao. Leo ni zamu yetu na ya wengine wengi. Nyumba unayoipaka rangi au kuisafisha huenda ilijengwa na mtu aliyekuwa anahesabu peni kama wewe.

Tafuta gramu za samaki, achana na gramu za kopo

Kosa kubwa ni kulinganisha bei ya kopo na kopo. Ndani ya kopo kuna samaki, na kuna maji, chumvi, mafuta au sosi. Wewe unataka samaki.

Kopo la kawaida la jodari hapa Uingereza limeandikwa gramu 145. Lakini geuza ubavuni, utaona maneno "drained weight" na namba nyingine, mara nyingi gramu 102. Maana yake ni kwamba ukimwaga maji, samaki anayebaki ni gramu 102. Karibu theluthi moja ya uliyobeba ni maji ya chumvi. Sheria inawataka watengenezaji waandike uzito huo pale samaki anapokuwa ndani ya maji au maji ya chumvi, kwa hiyo namba hiyo ipo. Ni kuitafuta tu.

Kwenye samaki wa sosi, kama nyanya au haradali, mara nyingi hutaona uzito wa kuchuja. Hapo soma orodha ya viungo. Karibu na jina la samaki utakuta asilimia, kwa mfano asilimia 60 au 75. Chukua uzito wa kopo, zidisha kwa asilimia hiyo, umepata gramu za samaki. Kopo la gramu 125 lenye samaki asilimia 60 lina gramu 75 tu za samaki. Gramu 50 zilizobaki ni sosi, na nyanya ni rahisi kuliko samaki, sote tunajua.

Kisha fanya hesabu hii kwenye simu: bei kwa peni, gawanya kwa gramu za samaki, zidisha kwa 100. Jibu ni bei ya gramu mia moja za samaki. Hiyo ndiyo namba pekee inayofaa kulinganishwa.

Hesabu yenyewe

Bei hubadilika kila wiki na kila duka, kwa hiyo bei zilizo hapa chini ni za mfano tu, za kukuonyesha njia. Ukifika dukani weka bei unayoiona kwenye rafu, na gramu na asilimia unazozisoma kwenye kopo lako.

Sadini wa nyanya, kopo la gramu 120, samaki asilimia 75. Samaki ni gramu 90. Kopo likiwa peni 60, gramu mia za samaki ni peni 67.

Jodari wa maji ya chumvi, kopo la gramu 145, samaki gramu 102. Kopo likiwa peni 85, gramu mia za samaki ni peni 83. Ukikosea ukapiga kwa gramu 145, utapata peni 59, na utadhani jodari ni rahisi kuliko sadini. Si kweli.

Pilchard wa nyanya, kopo kubwa la gramu 400, samaki asilimia 65. Samaki ni gramu 260. Kopo likiwa pauni 2.20, gramu mia ni peni 85. Kopo dogo la gramu 155 la samaki haohao likiwa peni 95, gramu mia ni peni 94. Kubwa limeshinda, lakini kama tu mko wawili au watatu wa kulimaliza.

Mackerel wa maji ya chumvi, kopo la gramu 125, samaki gramu 88. Kopo likiwa pauni 1.20, gramu mia ni pauni 1.36.

Mackerel wa sosi, kopo lilelile la gramu 125, samaki asilimia 60. Kopo likiwa pauni 1.50, gramu mia ni pauni 2 kamili.

Samoni wa pinki, kopo la gramu 213, likiwa pauni 3: gramu mia ni pauni 1.41. Samoni mwekundu wa kopo hilohilo likiwa pauni 4.80: pauni 2.25. Samoni mara nyingi hufungwa bila kuongezwa maji, ni samaki na chumvi tu, ndiyo maana tumepiga kwa uzito wote.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawakitegemei. Yale makopo ya saladi ya jodari tayari kwa kula, yenye pasta au mahindi na uma wa plastiki, yanaweza kuwa na samaki robo tu. Kopo la gramu 220 lenye samaki asilimia 25 lina gramu 55 za jodari. Likiuzwa pauni 2, gramu mia za samaki zimekugharimu pauni 3.64. Kwa mfano huu samaki ghali kuliko wote si samoni mwekundu. Ni yule aliyefichwa ndani ya mahindi.

Na sandwichi ya jodari ya dukani ni hadithi ileile, ila imefungwa mkate. Tuseme unanunua ya pauni 3.50 kila siku ya kazi. Kopo la sadini la peni 60 na mkate au wali wa nyumbani wa peni 50 vinafanya pauni 1.10. Tofauti ni pauni 2.40 kwa siku, pauni 52.80 kwa siku 22, zaidi ya pauni 600 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla hujaanza kubishana kopo gani ni bora kuliko lipi, jua kwamba akiba kubwa kuliko zote ni kubeba kopo lenyewe.

Unalipia nini hasa

Bei zinaachana kwa sababu maalumu. Ukizijua, utaamua mwenyewe ipi inakuhusu na ipi haikuhusu.

Kwanza, aina ya samaki. Sadini ni samaki wadogo wanaotembea kwa makundi makubwa karibu na pwani. Moroko ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje sadini wa kopo, na viwanda vyake viko karibu na bahari wanakovuliwa. Jodari kazi yake ni kubwa zaidi: anafuatwa mbali baharini, anagandishwa melini, kiwandani anapikwa, kisha watu wanaondoa ngozi, miiba na nyama nyeusi kwa mkono. Zaidi ya nusu ya uzito wa samaki mzima huishia nje ya kopo. Jodari wengi wa kopo ni wale wadogo waitwao skipjack, ambao ndio wa bei nafuu. Ukiona "yellowfin" au "albacore", ni jodari wa jamii nyingine, na bei hupanda.

Mackerel ni ndugu wa vibua tunaowajua sokoni Dar es Salaam na Zanzibar, ila huyu ni wa bahari ya baridi. Ana mafuta mengi na nyama nene, na kwa kawaida kopo lake hukaa juu ya sadini kwa bei.

Samoni wa pinki na samoni mwekundu ni samaki wawili tofauti, si samaki mmoja aliyepakwa rangi. Wote huvuliwa Pasifiki ya kaskazini, wengi Alaska. Wa pinki ndio wengi kuliko wote, ndiyo maana ni nafuu. Mwekundu ni wachache zaidi, nyama yake ni ngumu kidogo, na rangi yake inatokana na vijidudu jamii ya kamba anavyokula. Kama unamweka mezani kwa wageni, rangi ina maana. Kama unampondaponda na viazi, hutaiona tofauti ya bei mdomoni.

Pili, jina. Hapa ndipo watu wanalipa kwa neno tu. Pilchard wengi ni sadini waliokua wakubwa. Kule Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, pilchard walikuwa hawana soko. Watu waliwaona ni chakula cha wazee na cha shida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuuzwa kwa jina la sadini wa Cornwall. Samaki ni yuleyule na bahari ni ileile, lakini wateja wakarudi na bei ikapanda. Neno "sardines" limewahi hata kufikishwa kwenye Shirika la Biashara Duniani. Peru iliishtaki Jumuiya ya Ulaya kwa kukataa samaki wao wa Pasifiki asiitwe sadini, na mwaka 2002 Peru ikashinda. Nchi hazipelekani mahakamani kwa neno lisilo na hela ndani yake. Basi usimdharau pilchard kwa sababu ya jina. Ana nyama, ana mafuta mazuri, na kopo lake kubwa linalisha chumba kizima.

Tatu, anachoogelea ndani. Maji ya chumvi, maji matupu, mafuta ya alizeti, mafuta ya zeituni, sosi. Mafuta ya zeituni hupandisha bei kwa sababu mafuta yenyewe ni ghali. Ukinunua samaki wa mafuta ya zeituni halafu ukayamwaga kwenye sinki, umemwaga ulicholipia. Kama unayatumia kukaangia kitunguu, hapo sawa, hesabu inabadilika. Sosi za mvinyo, haradali au pilipili ni gharama ya mapishi ambayo wewe unaweza kuyafanya kwa peni chache.

Nne, kipande. Jodari wa vipande vikubwa ni ghali kuliko wa vipande vidogo, na hawa ni ghali kuliko waliosagikasagika. Kwa mchuzi wa ugali au sambusa, yote yatavunjika sufuriani. Lipia kipande kizima pale tu utakapokila kikiwa kizima.

Tano, namna ya kuvua. Jodari wa ndoano na fimbo, kopo lake huandikwa "pole and line", hugharimu zaidi ya wa nyavu kubwa kwa sababu anavuliwa mmojammoja. Kuna pia alama ya buluu ya MSC ya uvuvi endelevu. Alama hiyo inaweza kuondolewa: mwaka 2019 uvuvi wa mackerel wa kaskazini mashariki mwa Atlantiki uliipoteza kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi. Ukipenda kulipia jambo hilo ni uamuzi wa heshima, ila ujue unalipia namna samaki alivyovuliwa, siyo gramu zaidi.

Sita, brandi. Hapa mara nyingi ndipo penye pengo kubwa kuliko yote, na sababu zake ni matangazo na mazoea. Weka kopo la brandi maarufu na kopo la jina la duka ubavu kwa ubavu. Soma aina ya samaki, uzito wa kuchuja, nchi ya kutengenezwa. Mara nyingi utakuta ni skipjack kwa skipjack, gramu 102 kwa gramu 102.

Samaki wa bahari yetu

Ukisoma nyuma ya makopo ya jodari hapa London utakutana na Ushelisheli na Mauritius mara kwa mara. Bandari ya Victoria, Ushelisheli, ina kiwanda kilicho miongoni mwa vikubwa duniani vya kufunga jodari. Kilianza mwaka 1987, na sasa wenye hisa nyingi ni kampuni ya Thai Union ya Thailand, ambayo pia ndiyo yenye brandi ya John West. Makopo mengine yana namba za maeneo ya uvuvi: FAO 51 ni Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani maji ya kutoka pwani ya Kenya na Tanzania kuelekea visiwani. FAO 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki, FAO 34 ni upande wa Moroko, FAO 67 ni Alaska.

Kwa hiyo kopo la bei ya chini la jina la duka hapo Kilburn linaweza kuwa na jodari wa bahari ya kwetu. Hakuna sababu ya kumwonea aibu.

Duka gani Kilburn

Kutoka stesheni ya Kilburn kushuka mpaka upande wa Kilburn Park ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, na njiani kuna maduka ya kila ngazi. Kuna maduka makubwa kama Sainsbury's na Aldi, kuna ya vitu vya bei ya chini, na kuna maduka madogo ya kona yanayouza bidhaa za Waarabu, Waasia, Wakaribiani na Waafrika. Kila kundi lina tabia yake ya bei.

Maduka makubwa yanalazimika kisheria kuonyesha bei ya kipimo, yaani bei ya gramu 100 au ya kilo, kwa maandishi madogo chini ya bei kubwa. Ikiwa ni ya kilo, gawanya kwa kumi upate ya gramu mia. Angalia kama imepigwa kwa uzito wa kuchuja au uzito wote, kwa sababu ukilinganisha kimoja cha hivi na kimoja cha vile utapotea. Kwa samaki wa sosi bei hiyo hujumlisha sosi, kwa hiyo rudi kwenye asilimia.

Maduka madogo, yaliyo chini ya mita za mraba 280, hayalazimiki kuonyesha bei hiyo. Hapo simu yako ndiyo mizani. Si kwamba duka dogo ni ghali siku zote. Mara nyingine kopo kubwa la pilchard au kreti ya sadini wa Moroko utalipata kwa bei nzuri pale kwa sababu wateja wake ndio walaji wakubwa. Lakini kopo mojamoja saa tano usiku baada ya zamu huwa lina bei ya uchovu. Nunua mapema, weka akiba ya makopo kumi nyumbani, uchovu usikuchagulie.

Paketi ya makopo manne si lazima iwe nafuu. Gawanya bei kwa nne kabla ya kuiweka kikapuni, kisha linganisha na kopo moja la jina la duka. Kama kuna bei ya wenye kadi ya duka, kadi hizo ni za bure. Chukua, lakini usinunue kitu kwa sababu tu kina kibandiko cha rangi.

Kuhusu tarehe: makopo mengi huandikwa "best before", maana yake ubora, si hatari. Kopo lililopita tarehe hiyo linaruhusiwa kuuzwa, na likiwa zima linalika. Maduka mengine huyauza kwa bei ya kutupa. Usichukue kamwe kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu ya kula chuma, au lililobonyea kwenye mshono. Ukishafungua na ukabakisha, hamishia kwenye bakuli lenye mfuniko, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku mbili. Usiliache ndani ya kopo lenyewe.

Usiokoe hela ukapoteza afya

Wahenga walisema rahisi ghali, na mara nyingi walikuwa sahihi. Kwa samaki wa kopo mambo yako tofauti kidogo: wale wa bei ya chini ndio wenye manufaa mengi. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri kula samaki angalau mara mbili kwa wiki, na mara moja iwe samaki wa mafuta. Sadini, pilchard, mackerel na samoni wa kopo wote wanahesabiwa. Jodari wa kopo hahesabiwi kuwa samaki wa mafuta. Na ile miiba laini ya sadini na samoni ina kalisiamu, itafune, usiitoe.

Ila kuna mipaka, na dada zetu wa kazi za ndani waisome vizuri. Samaki wa mafuta wana uchafuzi mdogo wa baharini unaoweza kujikusanya mwilini. NHS inasema wanawake wajawazito, wanaonyonyesha, na wale wanaotarajia kuzaa siku za mbele wasizidishe vipimo viwili vya samaki wa mafuta kwa wiki. Wengine wasizidishe vinne. Kipimo kimoja ni gramu 140 za samaki aliyepikwa. Ukihesabu kwa kopo lenye gramu 90 za sadini, vipimo viwili ni kama makopo matatu kwa wiki. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asizidishe pia makopo manne ya jodari kwa wiki, kwa sababu ya zebaki.

Mpango unaofaa basi ni kubadilisha: sadini siku mbili au tatu, jodari siku moja, siku nyingine maharage au mayai. Maharage yatapunguza bajeti hata zaidi. Mwenye presha achague jodari wa maji matupu, kopo huandikwa "spring water", kuliko wa maji ya chumvi. Mara nyingi bei inalingana.

Na kujinyima kula si akiba. Anayebeba matofali au kufua na kupiga pasi saa kumi kwa siku anahitaji protini. Ukianguka ukakosa kazi wiki mbili, umepoteza kuliko makopo yote ya mwaka.

Hela iliyobaki iende wapi

Peni zilizookolewa dukani zina tabia ya kuyeyuka kwenye kahawa na vocha za simu. Zikamate siku hiyohiyo. Ukiona umeokoa pauni 5 kwa wiki kwenye chakula, hamisha pauni 5 Jumamosi kwenda akaunti ya pembeni isiyo na kadi mfukoni. Zikae huko mpaka mwisho wa mwezi.

Kisha zitume pamoja na fungu lako la kawaida, usizitume kidogokidogo. Kampuni nyingi hutoza ada kila unapotuma. Tuseme ada ni pauni 2: ukituma mara nne kwa mwezi umelipa pauni 8, ukituma mara moja umelipa pauni 2. Tofauti ni pauni 72 kwa mwaka, sawa na makopo 120 ya sadini wa peni 60.

Na kama ulivyojifunza kwenye kopo, usilinganishe ada peke yake. Ada ni kama bei ya kopo. Rate ndiyo maji yaliyo ndani. Kampuni inaweza kusema haitozi kitu kisha ikakupa rate mbaya. Swali la kuuliza ni moja: nikitoa pauni 100 zote kwa zote, zitafika shilingi ngapi kwenye simu ya mama? Uliza swali hilo kwa kampuni tatu siku moja, saa moja. Kabla ya kutuma mara ya kwanza, tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha hapa Uingereza. Isipokuwemo, ondoka.

Ukienda dukani kesho

Geuza kopo, usome ubavuni. Tafuta uzito wa kuchuja, au asilimia ya samaki.

Bei, gawanya kwa gramu za samaki, zidisha kwa mia.

Anza kulinganisha na jina la duka, kisha panda juu kama una sababu.

Sadini na pilchard kwa kula kila wiki. Samoni mwekundu kwa siku ya wageni.

Saladi ya kopo na sandwichi ya dukani ziwe za dharura.

Dada, hesabu makopo yako ya sadini yasizidi matatu kwa wiki kama unatarajia kuzaa.

Tofauti uliyookoa ihamishe leo, na tuma mara moja kwa mwezi kwa rate uliyoiulizia.

Haba na haba hujaza kibaba, tumeisikia tangu darasa la pili. Kilburn kibaba hicho kina ujazo wa gramu 102, na sasa unajua namba hiyo imeandikwa upande gani wa kopo.